Historia ya ndege nchini haijakamilika bila waliochimba Embakasi

KILA ifikapo Desemba 17, Wamarekani hukusanyika kwenye kilima cha mchanga katika pwani ya jimbo la North Carolina kuwakumbuka ndugu wawili waliokuwa mafundi wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright. Mahali hapo, mwaka wa 1903, ndugu hao walirusha ndege yenye injini, ikiwa na mtu ndani yake akiiongoza.

Juu ya kilima hicho umesimama mnara wa mawe ya matale wenye kimo cha futi 60. Chini yake liko jabali linaloonyesha pahali ndege iliponyanyuka, na mbele ya jabali hilo yamesimikwa mawe manne yanayoonyesha ilikotua katika safari zake nne za siku hiyo. Safari ya kwanza ilidumu sekunde 12 na kufika futi 120. Ya nne ilidumu sekunde 59 na kufika futi 852.

Kenya nayo ina historia ya usafiri wa angani iliyo ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Hata hivyo, mojawapo ya kumbukumbu za historia hiyo zinazojulikana zaidi si jabali wala njia ya ndege. Ni kaburi.

Katika milima ya Ngong upo mnara mwembamba wa jiwe juu ya kaburi la Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani Mwingereza aliyefariki Mei 14, 1931, ndege yake ndogo ilipoanguka na kuteketea punde tu baada ya kupaa mjini Voi. Watalii wengi humjua kupitia kitabu cha Karen Blixen na filamu iliyotokana nacho mwaka wa 1985.

Ndani ya ndege ile mlikuwa na watu wawili. Wa pili alikuwa mtumishi wa Finch Hatton, Mkikuyu aliyeitwa Kamau, naye pia aliangamia. Bamba la Ngong lina jina la mmoja.

Kaburi la mtu ni lake, na hakuna wa kuilaumu familia kwa kuandika jina la mpendwa wao. Lakini taifa zima linapokumbuka kwa namna hiyo, likimtaja aliyeshika usukani na kumsahau aliyekuwa kando yake, hapo kuna jambo la kujadiliwa.

Mjadala huo una uzito wa pekee nchini kwa sababu uwanja mkuu wa ndege wa taifa, ule wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), ulijengwa kwa jasho la wafungwa na mahabusu wa enzi za Hali ya Hatari. Mipango ya kuupanua imekuwa ikizua ubishi mkali katika miaka ya karibuni. Ubishi huo umehusu fedha, kandarasi na ajira. Ni nadra kusikia ukigusa waliouchimba.

MASHAHIDI WAKIWA HAI

Jinsi Wamarekani walivyoujenga mnara wao ni somo la kwanza kwa yeyote anayetaka kuhifadhi historia ya aina hii.

Bunge la Congress liliidhinisha ujenzi huo Machi 2, 1927, miaka 23 hivi baada ya safari ile ya kwanza. Wahandisi wa jeshi walipofika walikuta tatizo ambalo hakuna mchoraji wa ramani angeliweza kulitatua akiwa ofisini. Kilima kilikuwa kimehama. Upepo wa bahari ulikuwa umeusukuma mchanga wake mbali na pale ulipokuwa mwaka wa 1903, na ulikuwa ungali unausukuma.

Iliwabidi kwanza wapande nyasi na vichaka ili kukifunga kilima kisitembee. Jiwe la msingi lilikuwa limewekwa Desemba 17, 1928, lakini ujenzi wenyewe ulianza baada ya kilima kufungwa.

Lakini pahali hasa ndege iliponyanyuka pangejulikana vipi ilhali ardhi yenyewe ilikuwa imebadilika? Jibu lilitoka kwa watu. Siku ile ya 1903 walikuwapo mashahidi watano, wengi wao wakiwa waokoaji wa kituo cha pwani kilichokuwa karibu. Mmoja wao, John Daniels, ndiye aliyefyatua kamera ya Orville na kupiga picha ambayo sasa inajulikana dunia nzima.

Mwaka wa 1928 baadhi ya mashahidi hao walipelekwa tena mchangani. Walitembea, wakapima, wakashauriana, kisha wakakubaliana juu ya pahali pamoja. Hapo ndipo lilipowekwa jabali.

Kwa maneno mengine, jabali lile lilisimama juu ya ushahidi wa wanakijiji wa kawaida, na lilisimama kwa sababu wao walikuwa bado hai. Lau serikali ingalichelewa miaka 30 zaidi, wageni wangeonyeshwa pahali pa kukisia tu.

KIBANDIKO CHA MAKAVAZI

Somo la pili ni chungu zaidi, nalo lahusu taasisi zinazopewa dhamana ya kulinda ukweli.

Siku chache tu kabla ya ndugu wa Wright kufaulu, mwanasayansi Samuel Langley, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya Smithsonian mjini Washington, alijaribu kwa mara ya pili kurusha ndege yake. Wizara ya Vita ilikuwa imempa dola 50,000 kwa kazi hiyo. Ndege yake ilitumbukia katika mto Potomac mnamo Oktoba 7, 1903, na ikatumbukia tena Desemba 8.

Langley alifariki mwaka wa 1906. Miaka minane baadaye, Smithsonian ilimruhusu Glenn Curtiss, mtengenezaji ndege aliyekuwa na kesi mahakamani dhidi ya ndugu wa Wright, kuifanyia ndege ile marekebisho na kuijaribu upya. Iliruka kidogo juu ya maji. Taasisi hiyo kisha ikairejesha katika umbo lake la awali na kuiweka kwenye maonyesho, ikiwa na maelezo yaliyodai kuwa ndiyo ndege ya kwanza duniani iliyokuwa na uwezo wa kuruka ikiwa na mtu.

Orville, ambaye alikuwa amebaki peke yake baada ya Wilbur kufa kwa homa ya matumbo mwaka wa 1912, alikasirika mno. Mwaka wa 1928 aliipeleka ndege yao ya 1903 ng'ambo, katika makavazi ya sayansi jijini London. Hivyo basi, mwaka uleule Wamarekani walipokuwa wakiweka jiwe la msingi la mnara wa kuienzi ndege hiyo, ndege yenyewe ilikuwa imekimbilia uhamishoni Uingereza.

Smithsonian ilikiri kosa lake mwaka wa 1942. Ndege ilirudi nyumbani na kuwekwa hadharani Desemba 17, 1948, miezi kadhaa baada ya Orville mwenyewe kuaga dunia mnamo Januari mwaka huo.

Warithi wake hawakutaka kuachia mambo yajiendee. Mkataba wa kuikabidhi ndege una sharti kwamba Smithsonian isitangaze kuwa kuna ndege nyingine iliyotangulia kuruka kwa nguvu za injini ikiongozwa na mtu, la sivyo ndege irudi kwa familia. Wako wanaosema kuwa sharti hilo linaifunga mikono taasisi ya utafiti. Wengine wanajibu kuwa aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Lolote liwalo, kisa hicho chaonyesha kwamba karatasi ndogo iliyobandikwa chini ya chombo cha maonyesho yaweza kuwa na nguvu kushinda mnara wa futi 60. Anayeandika maelezo ndiye anayeamua watoto wa shule watarudi nyumbani wakiamini nini.

KILA TAIFA NA SHUJAA WAKE

Nje ya Marekani, hadithi husimuliwa vingine. Ukimuuliza Mbrazili ni nani aliyeruka kwanza, yamkini atamtaja Alberto Santos-Dumont.

Mbrazili huyo aliruka katika uwanja wa Bagatelle jijini Paris mnamo Oktoba 23, 1906, mbele ya umati wa watu. Novemba 12 mwaka huo aliruka mita 220 kwa sekunde zipatazo 21. Wafuasi wake hushikilia kwamba ndege yake ilikimbia kwa magurudumu yake na kupaa yenyewe, ilhali ile ya ndugu wa Wright iliteleza juu ya reli ya mbao ikiukabili upepo mkali, na walioiona walikuwa watu watano tu.

Wafaransa walimjengea kumbukumbu Bagatelle mwaka wa 1910, na mwaka wa 1913 wakasimamisha sanamu nyingine katika mji wa Saint-Cloud. Hiyo ya pili iliyeyushwa na Wajerumani wakati wa Vita Vikuu vya Pili ili kupata madini, na nyingine ikasimamishwa mahali pake mwaka wa 1952. Jijini Rio de Janeiro, uwanja wa ndege wa katikati ya jiji una jina lake hadi leo.

Hata ndani ya Marekani kwenyewe hakuna maafikiano kamili. Ohio, walikoishi ndugu wa Wright na kuitengeneza ndege yao, na North Carolina, walikoirushia, hugombania sifa hata katika sarafu. Ile ya North Carolina ya mwaka wa 2001 ina picha ya safari ya kwanza. Ya Ohio ya mwaka uliofuata inajitaja kuwa chimbuko la waasisi wa safari za anga.

Jimbo la Connecticut nalo lilipitisha sheria mwaka wa 2013 inayompa heshima ya kwanza Gustave Whitehead, mhamiaji Mjerumani anayedaiwa kuruka mwaka wa 1901, ingawa wanahistoria wengi wa usafiri wa anga wanaukataa ushahidi wake.

Yote haya yanathibitisha kuwa mnara hausimami pekee. Nyuma yake huwapo bunge lililoidhinisha, mlipaji aliyelipa na kundi lililotaka kusikika. Na asiye na bunge wala fedha huachwa nje ya jiwe, hata kama mikono yake ndiyo iliyofanya kazi.

WALIOACHWA NJE

Mnara wa North Carolina ulizinduliwa rasmi Novemba 19, 1932, Orville akiwapo. Maandishi yaliyochongwa juu yake yanawasifu ndugu wawili kwa kipaji, ujasiri na imani yao. Hakuna mwingine anayetajwa.

Injini ya ndege ile ilitengenezwa kwa majuma machache na fundi wa karakana yao ya baiskeli, Charlie Taylor. Bila injini hiyo nyepesi, mabawa yangebaki kuwa tiara. Taylor aliishi hadi mwaka wa 1956, na katika uzee wake alikuwa ameshasahauliwa na wengi. Waokoaji wa pwani waliosaidia kuibeba ndege na kuishuhudia ikipaa nao walibaki pembeni mwa simulizi.

Hata hivyo, jambo la kutia moyo ni kwamba kumbukumbu iliyopungua yaweza kuongezewa. Katika maadhimisho ya miaka 100 mwaka wa 2003, jimbo la North Carolina liliweka chini ya kilima seti ya sanamu zenye ukubwa wa watu halisi. Humo wamo mashahidi wa siku ile, na Daniels yuko pale akiwa na kamera. Mnara wa kale haukubomolewa. Uliongezewa wenziwe.

Siku hiyohiyo ya maadhimisho, yaliyohudhuriwa na Rais George W. Bush, nakala ya ndege iliyotengenezwa kwa gharama kubwa ilikataa kuruka, ikaishia katika dimbwi la maji ya mvua. Sherehe ilipita. Sanamu zimebaki.

KISUMU, NAIVASHA NA WILSON

Kwa upande wa Kenya, mambo ya kukumbukwa hayakosekani.

Februari 28, 1931, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki kati ya London na Mwanza, Tanganyika, ikipitia Kisumu. Mnamo Januari 1932 huduma hiyo ilifikishwa Cape Town. Kisumu ukawa mji ambao barua na abiria wa Ulaya walishukia kutoka angani kabla ya miji mingi ya bara hili kuona ndege ya abiria. Baadhi ya ndege hizo zilikuwa na tumbo kama la mashua na zilitua ziwani.

Kuanzia mwaka wa 1937 ndege kubwa za aina hiyo zilitua Kisumu na Mombasa zikielekea Durban. Baada ya vita, Ziwa Naivasha lilitumiwa kama kituo cha abiria wa Nairobi hadi mwaka wa 1950, huduma ya ndege za majini ilipokoma. Wavuvi wa Naivasha wa siku hizo waliona juu ya maji yao kitu ambacho wajukuu wao huenda wakadhani ni ngano.

Jijini Nairobi, mjane Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka wa 1929 akishirikiana na rubani Tom Campbell Black. Kampuni hiyo ilikoma Vita Vikuu vya Pili vilipozuka, ndege zake zikichukuliwa kwa kazi ya kijeshi. Mwaka wa 1962 uwanja ulioko kando ya barabara ya Lang'ata ulipewa jina lake, na Wilson hadi sasa ni miongoni mwa viwanja vyenye shughuli nyingi zaidi katika kanda hii.

Yupo pia Beryl Markham, aliyelelewa Njoro na kujifunza urubani nchini. Mnamo Septemba 1936 alipaa kutoka Uingereza akiwa peke yake, akavuka bahari ya Atlantiki dhidi ya upepo na kuangukia kwenye matope ya Nova Scotia, Canada, mafuta yalipokatika. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka bahari hiyo peke yake kutoka mashariki hadi magharibi. Alifariki Nairobi mwaka wa 1986.

Wote hao walikuwa walowezi au watumishi wa himaya, na wapo wanaoona kwamba kuwakumbuka ni kuutukuza ukoloni. Hoja hiyo ina uzito, lakini wahenga walinena: Mgala muue na haki yake umpe. Kazi ya Bi Wilson ilifanyika na uwanja upo. Kuondoa jina lake hakutamrejesha Kamau wa Voi katika historia. Kinachotakiwa ni kuipanua simulizi, na hapo ndipo Embakasi inapoingia.

JASHO LA EMBAKASI

Serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari Oktoba 20, 1952 ili kuyakabili maasi ya Mau Mau. Makumi ya maelfu ya watu walifungwa au kuwekwa kizuizini, wengi wao bila kufikishwa mahakamani.

Wakati huohuo, Nairobi ilihitaji uwanja mpya wenye njia ndefu na imara ya kuhimili ndege kubwa. Mikono ya kazi ilipatikana kwa urahisi. Wafungwa na mahabusu walipelekwa katika tambarare ya Embakasi kufanya kazi ya sulubu, kama vile wenzao walivyopelekwa kuchimba mifereji ya mradi wa unyunyiziaji wa Mwea.

Uwanja ulifunguliwa mwaka wa 1958 na Gavana Evelyn Baring, ambaye ndiye aliyetia saini tangazo la Hali ya Hatari. Kwenye hafla kama hizo waliochimba hawaalikwi.

Jengo jipya la abiria lilifunguliwa mwaka wa 1978, na baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta mnamo Agosti mwaka huo uwanja ulipewa jina lake. Kuna kinaya hapa ambacho wasafiri wengi hawakijui. Wakati Embakasi ilipokuwa ikichimbwa, Kenyatta mwenyewe alikuwa mfungwa wa serikali hiyohiyo kule Lokitaung. Uwanja uliojengwa na wafungwa wengi ukaja kubeba jina la mfungwa mmoja.

Jina hilo ni la haki kwa mwasisi wa taifa. Lakini jina la kiongozi haliwezi kueleza habari za vijana wa Murang'a, Nyeri au Kiambu walioamka alfajiri chini ya bunduki kwenda kusawazisha ardhi ambayo wengi wao hawangeruhusiwa kupandia ndege yoyote.

WAKATI UNAYOYOMA

Kwa nini jambo hili lishughulikiwe sasa? Jibu la kwanza ni umri. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1956 alizaliwa 1936, na akiwa yu hai leo anagonga miaka 90. Katika North Carolina mashahidi waliitwa miaka 25 baada ya tukio. Embakasi imepita karibu miaka 70.

Jibu la pili ni mabadiliko ya uwanja wenyewe. Moto wa Agosti 7, 2013 uliteketeza sehemu ya kuwapokea abiria wa kimataifa. Mwaka wa 2024 mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani ya India uwanja huo kwa miaka 30 ulizua mgomo wa wafanyakazi mnamo Septemba na kesi mahakamani, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuufuta Novemba 21 mwaka huo. Mpango ulifutwa, lakini haja ya kuupanua uwanja haikuondoka nao. Siku tingatinga zitakapoingia, kila alama ya kale ambayo haijaandikwa popote itazolewa pamoja na kifusi.

Jibu la tatu ni kwamba ushahidi wa wazee umewahi kupimwa na ukaonekana una thamani. Wazee wachache walipoishtaki serikali ya Uingereza jijini London mwaka wa 2009 kuhusu mateso ya kizuizini, wengi waliwaona kama watu wa kujisumbua. Mwaka wa 2011 serikali hiyo ililazimika kukiri kuwa ilikuwa imeficha maelfu ya faili zilizotolewa katika makoloni yake, Kenya ikiwemo. Juni 2013 ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, ikaeleza majuto yake na kufadhili kumbukumbu ya waathiriwa, ambayo ilizinduliwa katika bustani ya Uhuru Park mnamo Septemba 2015.

Kumbukumbu hiyo inazungumzia mateso, na inafaa izungumzie. Isichogusa ni kazi. Mahabusu hawakuteswa tu. Walijenga pia. Barabara, mifereji na njia za ndege walizoacha zingali zinaingizia taifa fedha kila siku.

GHARAMA NA SIASA

Pingamizi mbili hazina budi kujibiwa.

Ya kwanza ni fedha. Mwananchi anayelemewa na bei ya unga ana haki ya kuuliza kwa nini serikali ijenge sanamu. Lakini si kila kumbukumbu huhitaji mamilioni. Jabali la North Carolina ni jiwe tu lenye bamba. Kinasa-sauti, mwandishi mwaminifu na safari za kuwatembelea wazee vijijini vina gharama ndogo mno kuliko mnara mmoja, na kazi yao ndiyo inayopaswa kutangulia. Mnara usiotanguliwa na ushahidi huishia kuwa kama kilima kile cha mchanga.

Ya pili ni siasa. Kuna hofu kwamba kuwataja mahabusu wa Embakasi kutachukuliwa kuwa ni kuipendelea jamii moja. Hofu hiyo itapungua ikiwa historia nzima ya usafiri wa angani itawekwa pamoja: wakazi wa Kisumu waliopokea ndege za kwanza za abiria, wavuvi wa Naivasha, wafanyakazi wa shirika la East African Airways lililoanzishwa 1946 na kusambaratika 1977, na waliounda Kenya Airways mwaka huohuo kutokana na mabaki yake. Hapo kila pembe ya nchi itajiona.

Sheria haikosekani. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au mahali kuwa kumbukumbu inayolindwa. Katiba ya 2010 iliipa serikali kuu jukumu la kumbukumbu za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti zikapewa makavazi na shughuli za kitamaduni. Kwa hivyo Kisumu na Nakuru zaweza kuanza na maziwa yao bila kungoja Nairobi, nayo Mamlaka ya Viwanja vya Ndege (KAA) ikishirikiana na Makavazi ya Kitaifa yaweza kuanza na Embakasi.

Hatua ya kwanza ingekuwa kukusanya majina. Zipo faili zilizofichuliwa Uingereza, ziko nyaraka za serikali jijini Nairobi, na wapo wazee wachache wanaokumbuka walilala wapi, walisimamiwa na nani na nani hakurudi. Vitu hivyo vitatu vikilinganishwa, ukweli unaoweza kusimama utapatikana. Hatua ya pili ni kuhakikisha kuwa kandarasi yoyote ya kupanua uwanja ina kifungu kinachomlazimisha mjenzi kupima na kupiga picha sehemu za kale kabla ya kuzigusa. Jiwe lije mwisho, na liwekwe pahali abiria wanapopita.

Ndugu wa Wright walikuwa na bahati kwamba mtu mmoja alifyatua kamera kwa wakati ufaao. Embakasi haina picha moja ya namna hiyo inayojulikana na kila mtoto wa shule. Iliyo nayo ni kumbukumbu za watu wanaopungua kila mwaka, na hizo hazitangoji zabuni nyingine itangazwe.